Sisi Watoto wa Nani?

JUMATATU, BAADA YA KAHAWA

"Hakuna kupiga ishara ya msalaba," Ivo alisema. "Hakuna kupiga goti. Hakuna kubusu chochote. Mtalii habusu. Mtalii anapiga picha, anauliza choo kiko wapi, basi."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la Pippo Sgroi, chini ya ngazi za kanisa kuu la Montalura. Makasha yalijaa hadi darini: sumaku za friji, kumbi za maonyesho za Kigiriki za plasta, watakatifu Tekla wa plastiki waliotengenezwa huko mbali ambako hakuna anayemjua Tekla. Joto la Agosti. Feni ilikufa tangu Pasaka, na kila siku Pippo anasema kesho atamwita fundi.

Ivo Zanella alichuchumaa akichora sakafuni kwa chaki. Hakuwa mtu wa Sisilia. Alitoka bara, kaskazini, na viatu vyeupe ambavyo sijui alivifanyaje havichafuki. Watu wa namna yake tunawajua. Mji wako hawaujui, lakini kilichomo ndani yake wanajua kinauzwa wapi.

"Mkono uko hapa. Kabati la kioo. Mbele kamera, ila kioo kinang'aa, cha ndani haikioni. Nyuma ukuta. Na nyuma ya ukuta?"

"Kikanisa cha Mtakatifu Biagio," alisema Turi.

"Ambacho?"

"Kimefungwa kwa ukarabati."

"Tangu lini?"

"Tangu binti yangu ananyonya," alidakia Pippo. "Mwezi ujao anaolewa."

Loredana alicheka. Turi Bellassai hakucheka, maana ukarabati huo ulikuwa wake. Yeye ndiye fundi mwashi aliyesimamisha jukwaa mle ndani, akatundika turubai, akabomoa nusu ya ukuta, halafu ofisi ikasema fedha zimekwisha, subirini. Wakasubiri. Wanasubiri mpaka leo. Bamba la marumaru lililo nyuma ya kabati la Mkono alilipachika kwa chokaa tupu, la muda, akitegemea kurudi wiki inayofuata. Hakuna mwingine aliyejua kwamba bamba lile linatoka kwa patasi ndogo na uvumilivu kidogo.

Mkono wenyewe hawakuutaka. Ni wa fedha, mkubwa kama wa mtu mzima, na ndani una mfupa wa Mtakatifu Tekla. Utauficha wapi? Walitaka pete yake. Jiwe la kijani, la ukubwa wa punje ya haragwe, alilovuliwa malkia fulani zamani za Wanormani. Yuko tajiri mmoja nje ya nchi aliyekuwa analisubiri.

"Loredana anaingiza kundi la meli," Ivo aliendelea. Loredana Scuderi alikuwa mwongoza watalii, mwenye leseni shingoni, kibendera cha njano, na koo lililochoka. "Mimi na Turi tumo ndani ya kundi. Watalii wawili. Turi anapotelea nyuma ya turubai, anavua pete, anavisha ile ya bandia ya Pippo, anarudi. Pete inaingia kwenye begi langu. Tunatoka tunakula aiskrimu. Pippo yupo na bajaji pale sokoni pa samaki, tunasepa."

"Mji mzima unamjua Turi," alisema Pippo.

"Nani anamtazama mtalii usoni? Wewe huwa unawatazama?"

Pippo akafikiri. "Natazama mkoba."

"Basi."

Hapo ingetosha. Lakini Pippo ni mtu wa mzaha, hajui kunyamaza. Alipanda juu ya kasha, akajaza kifua, akanguruma kama siku ya sikukuu: "Sisi watoto wa nani?"

"Wa Tekla! Wa Tekla!"

Turi na Loredana waliitikia kwa pamoja, mikono juu, kabla hawajajua wanafanya nini.

Ivo aliitupa chaki ukutani. "Hiyo! Hiyo takataka ndiyo itatufunga!"

"Samahani, bosi," Loredana alisema. "Ukizaliwa hapa inatoka yenyewe. Kama chafya."

"Basi mtazibana chafya zenu. Mnanizingua, nyie. Mnanizingua kweli."

Alichosema Loredana ni kweli tupu. Mtoto wa Montalura anafundishwa mwito huo kabla ya kutembea. Siku ya Tekla, mwitaji anapanda juu ya machela ya mtakatifu, anaita, na mji mzima unaitikia. Mwito usioitikiwa ni mkosi mkubwa. Sisi hatujawahi kuusikia na hatutaki. Na mwitaji wetu, tangu Turi yuko mgongoni mwa mama yake, ni Mzee Gaspare Bellassai. Baba yake Turi.

Baba na mwana walikuwa hawaongei. Turi aliwahi kufungwa kwa kuuza vichwa viwili vya mawe vya ukumbi wa Wagiriki. Siku alipotoka jela mzee alimfuta kwenye chama cha wabebaji wa Tekla, akamfungia mlango. Bega la kulia la Turi mpaka leo lina nundu ya machela. Nyama imeota pale, mfupa umepinda, baridi ikija linauma. Na hana ruhusa tena ya kulipeleka chini ya mtakatifu.

Wengine walipotoka Ivo alimzuia mlangoni. "Wewe unataka nini kwenye mchongo huu? Napenda kuwajua watu wangu."

"Nyumba."

"Yako?"

"Hapana."

Ilikuwa ya mzee. Ipo pale uwanjani mbele ya kanisa, na dirisha lake ndilo Tekla husimamishwa chini yake kila mwaka. Mama alifia humo. Mzee alipanga humo maisha yake yote, sasa warithi wa mwenye nyumba wanataka kuigeuza vyumba vya wageni, kama walivyogeuza nyumba zote za uwanja ule mpaka jirani wa kumwazima chumvi hakuna. Walishamtaka mzee atoke kabla ya mavuno ya zabibu. Turi alikuwa ameshapanga kila kitu: sehemu yake ya mchongo inainunua nyumba, mwanasheria anamwambia mzee kwamba imenunuliwa na jamaa wa mbali aliyeko Amerika, mzee anabaki na kitanda chake. Asijue kamwe ni nani. Turi hakutaka hata asante.

ALHAMISI, KENGELE YA ASUBUHI

Meli ilichelewa.

Ivo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa chemchemi ya uwanja, kofia ya bluu, kamera tumboni, akitafuna ndani ya shavu. Turi alisimama mita chache kutoka kwake. Alikuwa amenyoa masharubu. Amejipaka losheni ya jua puani, nyeupe pee. Na kaptula! Mwanamume wa Montalura wa umri wake akivaa kaptula mjini, mkewe anaulizwa kama nyumbani kuna msiba. Miguu yake ilikuwa myeupe na ya kutia huruma.

Lakini Ivo hakukosea. Binamu yake Turi, muuza kofia, alipita mbele yake kabisa, akamwekea kofia ya majani juu ya ile aliyovaa, akamtajia bei ya kumkata mtu pumzi. Turi alipotikisa kichwa binamu akasema kwa lugha yetu, huku anatabasamu, "Kufa na pesa zako basi, nguruwe wewe," akanyakua kofia yake akaenda zake. Turi alitaka kumzaba kofi. Akajikaza.

Alitazama nyumba ya baba yake. Madirisha yamefungwa yote. Joto, akafikiri. Mzee kalala.

Kundi lilifika jua limeshachachamaa, watu hamsini hivi, na likataka choo. Loredana akawapeleka chooni. Foleni. Halafu likataka barafu ya lozi. Foleni. Bibi mmoja mwenye kofia kubwa kama ungo alimganda Turi, akamwonyesha picha za paka wake kwenye simu, moja baada ya nyingine, akimweleza kwa lugha ambayo Turi hakuelewa hata neno. Turi akaitikia kwa kichwa. Paka. Paka tena. Paka kwenye kiti. Jasho lilimtiririka mgongoni, patasi imefungwa pajani kwa plasta, na bibi hajamaliza hata nusu ya paka.

Loredana alipita karibu naye akijifanya anahesabu kundi. "Kuna tatizo," alinong'ona. "Wakata tiketi wamegoma leo."

"Kwa hiyo wamefunga?"

"Hawajafunga. Padri ameweka watu wa kujitolea mlangoni, mpaka kengele ya mchana tu."

"Watu gani?"

Loredana akainua kibendera. Turi alijua. Alijua kabla ya kuona. Miezi mizima ya kupanga, wamehesabu kamera, wamehesabu walinzi, wamengoja Alhamisi kwa sababu mzee hushinda kanisani Jumapili tu. Halafu wagome leo! Katika siku zote za Mungu!

SAA TANO

Mzee Gaspare alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya mlango mkubwa, kapu la mitandio mapajani. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na vivuli tu. Kila kivuli kilichopita na mabega wazi alikipa mtandio. Kila kivuli chenye kofia alikiambia kivue. Koo lake bado lilikuwa lile lile, zito, la kujaza uwanja.

Turi aliinamisha kichwa, akajibanza nyuma ya kofia ya bibi wa paka. Haikusaidia. Mkono wa mzee ulinyooka ukimtafuta begani. Turi akajipindua, mkono ukapita hewani.

"Karibu, mgeni," alisema baba yake. "Vua kofia."

Yalikuwa maneno ya kwanza aliyoambiwa na baba yake tangu siku aliyomfungia mlango. Alivua kofia, akaingia hatua moja, akasimama. Ivo, nyuma yake, alimsukuma kiunoni kwa kidole. "Tembea," alisema kwa meno yaliyobanana. "Tembea, fala wewe."

Ndani kulikuwa na ubaridi. Nguzo za hekalu la kale la Wagiriki, ambalo kanisa lilijengwa juu yake, zimezama ndani ya kuta kama kawaida, watu wanazipiga picha. Loredana akaanza kusema kwenye kipaza sauti chake kidogo, na kundi lote, vidude masikioni, likageuza shingo kushoto alipoelekeza. Kulia kulikuwa na turubai la Biagio, na kibao chake kilichopauka kikiomba radhi kwa usumbufu.

Turi akapotelea huko.

Jukwaa lilikuwa vile vile alivyoliacha. Hata ndoo yake ipo, chokaa imekauka ndani. Hata kipande cha mshumaa alichokuwa akikiwasha umeme ukikatika kipo pale pale juu ya kiunzi. Alipanda. Akapachika patasi kwenye ungio, akakwangua taratibu. Chokaa ikashuka kama unga. Bamba likalegea, akalipokea kifuani, zito, bega likamlilia. Akalilaza chini.

Nyuma ya kabati. Kile kimlango kidogo cha nyuma cha mafundi, komeo tu. Akafungua. Mkono wa Tekla ukawa mbele ya uso wake, umempa kisogo, vidole juu.

Akaishika pete, akavuta.

Haikuja.

Akazungusha. Haikuzunguka. Miaka mia ngapi imekaa pale, nani amewahi kuivua? Alivuta mpaka kucha ikapasuka. Aliweka mate. Wapi! Upande wa pili wa kioo alisikia kundi linasogea, sauti ya Loredana ikisema habari za malkia, polepole kuliko kawaida, anavuta muda, maskini, anarudia sentensi. Turi alitukana kimyakimya, kisha akashtuka amemtukania mtakatifu. Akashika kichwa.

Losheni. Alikuwa na losheni ya jua mfukoni. Akaminya yote kidoleni mwa Tekla, akasugua, akazungusha tena, na pete ikatoka na kimlio kidogo.

Akavisha ile ya Pippo. Ilikuwa pana mno, inacheza. Pippo na vipimo vyake vya macho. Hakukuwa na la kufanya.

Hapo ndipo Turi angeshuka aondoke. Ivo angeshuka. Mimi sijui ningefanyaje, na wewe usiseme mpaka uwe pale. Kidole kile cha fedha, pete ilipokuwa, kilikuwa na alama nyeupe, kama kidole cha mjane aliyevua ya kwake. Turi alikitazama. Alikulia chini ya mkono ule. Akatoa kiberiti, akawasha kile kipande cha mshumaa, akakibandika juu ya kiunzi.

"Niwie radhi, mama," alinong'ona. "Ni kwa ajili ya mzee. Unamjua mzee."

Akarudisha bamba, akashuka, akachomoka nyuma ya turubai, akamsukumia Ivo pete ndani ya begi wakati wanapishana. Ivo hakumtazama. Bibi wa paka alimshika mkono kwa furaha, alidhani kampotea.

Wakaanza kuelekea mlangoni. Taratibu. Kundi la watu hamsini haliendi haraka hata kanisa likiwaka moto.

Na kanisa lilikuwa linawaka moto.

KABLA YA KENGELE YA MCHANA

Bibi wa paka ndiye aliyeona. Alipiga ukelele, akaonyesha kwa kidole. Juu ya turubai la Biagio moshi mwembamba ulikuwa unapanda kuelekea darini. Cosimo, mtunza kanisa, akakimbia na ndoo ya maji ya baraka, akapotelea ndani, maji yakasikika. Moshi ukageuka mvuke. Huko akaona bamba la nyuma ya Mkono limelegea. Halafu Cosimo akatoka mbio, akaenda kwenye kabati la Mkono, akafungua kwa ufunguo wake, akaigusa pete, ikamfuata mkononi bila kuvutwa. Ikamponyoka, ikadondoka sakafuni, ikavingirika mpaka miguuni pa Loredana.

"Ya bati!" Cosimo alilia. "Gaspare, wametuibia! Hii ya bati!"

Mzee aliinuka. Aliufunga mlango mkubwa, akapitisha komeo la mti, akauegemea kwa mgongo.

Mtafaruku. Watalii wanauliza, vidude vinapiga kelele masikioni. Mtu analia. Katika msongamano Ivo alijigonga kwa Turi, akampangusa vumbi la chokaa kifuani kama mgeni mwungwana, akasogea mbali. Turi alihisi kitu kidogo kizito kwenye mfuko wa shati lake. Hakuhitaji kukitazama.

Mshenzi. Alikuwa amemrudishia.

"Njagu wako wapi?" Cosimo aliwafokea watu wa kituo cha polisi kwenye simu. "Wanakula? Wanakula nini? Waambieni waache!"

Ivo alimsogelea Loredana, uso mkavu. "Waambie meli inaondoka. Wafungue."

"Waambie wewe," Loredana alimjibu bila kuachanisha meno. Lakini aliogopa, akasema. "Don Gaspare, hawa watu wana meli. Wataachwa."

"Meli itangoja," alisema mzee. "Cosimo. Moto ulitoka wapi?"

"Mshumaa. Kuna mtu kawasha mshumaa nyuma ya Mkono."

Pale mlangoni, macho yake ya vivuli juu ya vichwa vya watu, uso wa mzee ulibadilika kama mtu aliyesikia hodi.

"Mgeni haibi halafu akawasha mshumaa," alisema. "Huyu ni wa kwetu. Amevaa kama wao, lakini ni wa kwetu." Akainua sauti. "Wote wa hapa mnaojulikana, Cosimo, Loredana, nyie kina mama wa rozari, fumbeni midomo. Asitamke mtu. Asitamke hata mmoja!"

Turi alielewa.

Mzee Gaspare alijaza kifua.

"Sisi watoto wa nani?"

Ilipiga kuta, ikapanda darini, ikarudi. Watalii waliruka. Midomo ya kina mama wa rozari ilifunguka, wakajiziba kwa viganja. Turi aliuma ulimi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kupanda. Akaukamata kwa wa kushoto, akajifanya anakuna kiwiko. Ivo alikuwa anamtazama kwa macho ya kuua.

Hakuna aliyeitikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mwito wa Tekla ulianguka chini.

"Sisi watoto wa nani?"

Turi alionja damu mdomoni. Simu zilikuwa zimeinuliwa sasa, wanamrekodi mzee. Kijana mmoja wa kundi alicheka, akamwiga kwa sauti nzito, na rafiki zake wakacheka. Walidhani ni sehemu ya ziara.

Kaza, Turi alijiambia. Mara moja tu imebaki. Ataita mara tatu, ndiyo desturi, halafu atachoka. Kaza, nyumba ibaki, kitanda kibaki. Kaza tu.

Mzee alijaza kifua tena. Alikuwa mdogo sana pale mlangoni, shati limemlegea shingoni. Lini amekonda hivi?

"Sisi watoto wa..."

Sauti ikakatika. Kikohozi kikamshika, akajikunja, mkono mmoja ukipapasa mlango. Alijaribu tena. "Wa..." Koo halikutoa kitu. Koo la Gaspare Bellassai, mbele ya Tekla, mbele ya wageni wanaocheka na simu mkononi. Alisimama pale mdomo wazi, hana sauti, hana jibu.

"WA TEKLA!"

Lilimtoka Turi kwa kifua chote, mkono juu, kaptula na losheni na yote. "Wa Tekla, Baba! Wa Tekla!"

Kundi lilimkwepa, pakabaki duara tupu. Bibi wa paka alimwachia mkono.

Mzee alikuja. Alitembea polepole, kiganja mbele, na hakuna aliyemwongoza. Vidole vilipata kola ya shati, vikashuka upande wa kulia, vikatulia juu ya ile nundu. Vikakaa pale.

"Umevaa nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Kaptula, Baba."

"Mbele ya Tekla."

"Ndiyo, Baba."

Turi alitoa pete mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. Ilikuwa bado inateleza losheni. Cosimo akaipokea akilia.

"Ulikuwa unataka nini, Turi?"

"Nyumba."

"Nyumba gani?"

"Yako. Wasikutoe."

Kidole gumba cha mzee kilikuwa kinatembea juu ya nundu, huku na huku.

"Nimeshatoka," alisema. "Tangu Jumapili. Niko kwa masista kule juu, wamenipa kitanda karibu na dirisha. Funguo nimewarudishia wenyewe. Nilichoka kugombana nao, mwanangu."

Yale madirisha yaliyofungwa. Turi alikuwa ameyatazama asubuhi ile ile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Tulikuwa hatuongei."

Huko nyuma Loredana alikuwa ameinua kibendera chake, na sauti yake iliyotetemeka ikawaambia watalii masikioni mwao kwamba mlango unafunguliwa na ziara inaendelea kwenye ukumbi wa Wagiriki. Viatu vyeupe vilikuwa vya kwanza kutoka. Baadaye muuza aiskrimu alituambia: yule mwenye kofia ya bluu alinunua ya pistachio, akaila yote pale pale amesimama, akaondoka na bajaji ya Pippo. Inanikera mpaka leo. Mtauliza kwa nini Turi hakumtaja. Neno moja tu lingetosha. Nilimwuliza mimi mwenyewe, siku za kutembelea wafungwa. Alisema hakumwona akitoka, wakati ule alikuwa anaongea na baba yake.

Askari wawili waliingia na makombo kwenye sare. Mmoja alisoma na Turi. Alitoa pingu, akamkamata mkono, akaanza kuupeleka mgongoni.

"Taratibu," alisema Mzee Gaspare, kiganja chake bado kiko pale begani. "Wa kulia msiuvute nyuma. Bega hilo bovu."

Wakamfunga kwa mbele.